Kitanda cha Jean Kwa Mugiriki

Mumewahi kuingia dukani kubembeleza muntu awauzie kitanda chenu wenyewe?

Mimi niliingia.

Kitanda changu, shuka langu, hata ule muguu uliofungwa waya niliufunga kwa mikono yangu. Na bado nilisimama mbele ya meza ya muntu, mikono nyuma kama mutoto wa shule, nikisema, "Patron, unihurumie."

Njo hiyo nataka kuwaambia leo. Wajukuu wananiita Kambo Dorothée, maana kwetu kambo ni bibi, na njo ni ndiyo. Shule yangu iliishia primaire, basi nikiandika kombo musinicheke sana. Lakini vitendawili ninavyo tele, na hakuna aliyenifundisha darasani.

Tuanze na kimoja.

Kitendawili! Na nyinyi mulioko kwa simu zenu, semeni tega.

Nyumba yangu imejaa mupaka mulangoni, lakini mwenye njaa akiingia anatoka na njaa yake.

Fikirini polepole. Jibu liko njiani.

Ilikuwa hapa Kalemie, wakati wa Zaire, mwaka wa sabini na tano.

Nyuma ya gare, kituo cha treni, kulikuwa na avenue moja ya maduka. Kwa biro ya serikali ilikuwa na jina lake kubwa, lakini sisi wote tuliiita Kwa Mugiriki, sababu duka lililopita yote lilikuwa la Mugiriki mumoja mwenye tumbo, aliyejua kutukana kwa Swahili kutushinda.

Treni ya Kabalo ikiingia, watu wanashuka na kuja moja kwa moja Kwa Mugiriki. Sukari, chumvi, taa, vitenge. Sisi tulikaa nje barazani. Mimi na ndakala zangu, dagaa wa ziwani, rafiki yangu Mama Léontine na mikate yake ya mafuta, Papa Onésime na mashini yake ya kushona. Mwenye kununua sukari ndani, akitoka ananunua ndakala nje.

Njo vile tuliishi.

Halafu serikali ikasema maduka ya wageni yawe ya wana-inchi. Eh mama! Tulicheza mupaka kandambili zikakatika.

Hatukujua kwamba wana-inchi wenyewe walikuwa wamekwisha kuchaguliwa.

Maduka yote ya avenue yetu akapewa muntu mumoja, Edouard, wa kutoka mbali. Watu waliopewa maduka hivyo tuliwaita maakereri. Alikuja na abakosti yake, koti la wakubwa wa wakati ule, imepigwa pasi, akauza kila kitu kilichokuwa ndani, akafunga milango, funguo akaziacha kwa zone, njo serikali yetu ya hapa, akaenda zake. Hakuleta hata kiberiti kimoja.

Avenue ikakufa.

Mvua ikachimba mutaro kati ya gare na maduka, mukubwa, hata mbuzi akifika pale anafikiri kwanza. Abiria wakashika njia ingine. Majani yakaota barazani. Unakaa na ndakala kutoka asubuhi, jioni unarudi nazo, na wateja wako siku nzima walikuwa nzi.

Na miezi ile ile Jean wangu akavunjika.

Jean ni bwana yangu. Alikuwa anafunga vagoni, mabehewa ya treni, pale gare. Siku moja vagoni ikamubana mugongo. Hakukufa, lakini hakusimama tena. Alilala juu ya kitanda cha chuma, chenye springi, kitu cha maana kuliko vyote nyumbani mwetu. Munganga alinivuta kando akaniambia, "Mama, huyu usimulaze chini. Baridi ya chini ikimuingia kifuani, hatatoka nayo."

Musiyasahau maneno hayo. Mimi sijayasahau.

Kazini walimusahau upesi. Basi chakula chake, changu, na cha Julie mutoto wetu, chote kilikuwa barazani Kwa Mugiriki. Avenue ikizikwa, tunazikwa nayo.

Jean hakulalamika. Furaha yake ilikuwa vitendawili. Niko jikoni nageuza bukari, ugali wetu, nasikia sauti kutoka chumbani.

"Mama Julie, kitendawili!"

"Tega!"

"Babu yangu akilia kwa mbali, watu wote wanakimbia kumupokea na mifuko."

"Treni."

"Nani alikuambia?"

"Ulinitegea jana, muzee."

Anacheka mupaka mugongo unamuuma, halafu anakamata chuma cha kitanda. Nilikuwa naogopa maumivu yale.

Siku moja Papa Casimir akatuita sisi wote wa avenue nyumbani kwake. Alikuwa karani wa gare, amestaafu, lakini kofia ya kazi hakuiachia. Nafikiri alilala nayo. Wakati ule majina ya ubatizo yalikatazwa kwa biro, ilitakiwa kusema sitwayeni, maana yake mwana-inchi, sitwayeni hapa, sitwayeni pale. Lakini kwa ua wa Papa Casimir kila muntu aliitwa jina lake.

"Tuifufue avenue sisi wenyewe," akasema.

"Na nini?" Mama Léontine akauliza. "Na mate?"

"Na salongo. Kila Jumamosi wanatutuma kazi ya bure, kukata majani mbele ya nyumba za wakubwa. Tuombe kwa zone salongo yetu tuifanye hapa."

Papa Onésime akakuna kichwa. "Na mutaro je? Watu wataruka?"

"Mataruma ya zamani ya reli, zile mbao nzito, yanaoza pale kando. Nitamuona shefu wa gare. Tutafanya daraja."

Kila muntu akawasha akili. Mumoja akasema tutafute chokaa. Mimi nikasema, "Abiria wa Kabalo wanangojea treni juani, wengine wanalala pale na watoto. Tuwape mabenchi barazani kwetu, kwenye kivuli. Muntu akikaa, njaa itamupata. Njaa ikimupata, Léontine yuko pale na mikate."

"Na akikaa sana," Papa Onésime akasema, "suruali inapasuka. Na mimi niko pale."

Tulicheka! Zamani sana hatukuwa tumecheka vile.

Tukafanya. Wanaume walibeba mataruma mabegani, mazito kama maiti, wakayalaza juu ya mutaro. Akina mama tuling'oa majani, tukapaka chokaa. Avenue ikawa nyeupe peee.

Lakini milango ilikuwa imefungwa. Avenue ilikuwa kama muntu aliyeogeshwa na hajaamka bado.

Halafu likaja neno kutoka zone.

Papa Casimir alitusomea akiwa amesimama, na sauti yake haikuwa ya kawaida. Komisere wa muji, mukubwa wa serikali, anakuja kuona avenue. Kuna wakubwa wanataka pazungushwe ukuta, pawe bohari ya saruji. Komisere akikuta pana uhai, atapaacha, na maduka atayafungua kwa ajili yetu. Akikuta pamekufa, ukuta. Ili atazame mupaka ndani, zone imetoa funguo za milango tufagie.

Tulifungua duka la Mugiriki.

Panya mumoja akatutazama, akaenda bila haraka. Mbao za ukutani tupu. Meza tupu. Hata harufu ya sabuni haikubaki.

"Tumekwisha," Mama Léontine akasema. Akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Papa Casimir alizunguka ndani mara nyingi. Halafu akasimama.

"Sikieni. Nani kati yenu, mugeni mukubwa akija, hajawahi kuazima sahani kwa jirani?"

Sisi wote tumeazima. Kwetu hapa ni haya kubwa mugeni kukukuta na nyumba tupu. Unaazima kiti, unaazima kuku, hata mutoto mwenye shati nzuri unaazima aje asalimie.

"Basi Komisere ni mugeni wetu," akasema. "Kila nyumba ilete kitu chake. Siku moja tu. Akiuliza ni vya nani, museme wote neno moja: ni vya duka."

Musifikiri tulikuwa wajinga. Tulikuwa tumekosa njia. Muntu anayezama hachagui kamba.

Vitu vikaja! Sahani za harusi, sufuria, mablanketi, saa ya ukutani isiyotembea, vitenge ambavyo wenye navyo walikuwa wanavitunza kwa kuzikwa navyo. Papa Onésime akaweka mashini yake dirishani, akaipangusa kama mutoto.

"Duka la kweli liko na meubles, viti na vitanda," Papa Casimir akasema, akinitazama na kugeuza macho. "Kitanda kimoja tu, Mama Julie, na Komisere hatazungumza tena."

Nilirudi nyumbani nikakaa mulangoni. Sikujua nianze wapi.

Jean akasema kutoka ndani, "Wanataka kitanda."

"Nani alikuambia?"

"Nyumba zote zimebeba. Tumebaki sisi na kitanda."

"Munganga alisema..."

"Munganga anauza ndakala? Avenue ikifungwa mutakula springi? Peleka. Siku moja, Dorothée. Nitailinda nyumba nikiwa chini."

Nikatandika mikeka yote, na magunia, na nguo zangu zote. Tukamushusha, mimi na Papa Onésime. Alikuwa mwepesi mupaka nikaona aibu.

Kulikucha siku ya Komisere.

Duka la Mugiriki lilijaa mupaka mulangoni. Wengine tulikuwa wauzaji, wengine wanunuzi. Mama Léontine alikuwa mununuzi wa sufuria yake mwenyewe, na muuzaji alikuwa bwana yake.

"Hii sufuria imechakaa!" akapiga kelele wakati Komisere anaingia.

"Imechakaa kwa sababu mwenyewe hajui kupika," bwana akajibu.

"Ni nani hajui kupika?"

Papa Casimir akakohoa. Walitaka kupigana kweli.

Komisere alitembea polepole, anaangalia, anatikisa kichwa kwa furaha. Alikaa juu ya kitanda cha Jean, akaruka ruka kidogo, springi zikalia. "Kitanda kizuri," akasema.

Roho yangu ililia pamoja na zile springi.

"Na vitu vyote hivi ni vya nani?"

"Ni vya duka, sitwayeni Komisere," Papa Casimir akajibu.

"Ni vya duka," tukaitikia sisi wote, kama kanisani.

Hapo njo tukaona muntu aliyekuwa nyuma yake. Abakosti imepigwa pasi.

Edouard.

Komisere ndiye alikuwa amemuita. Maduka kwa zone yalikuwa bado kwa jina lake, basi alikuja kuyatoa yakawe bohari. Alikuja kutupa maiti yake. Akamukuta maiti anakula na kucheka.

"Sitwayeni Komisere," akasema taratibu, "kama vitu ni vya duka, duka si langu?"

Komisere akamutazama Papa Casimir. Aseme nini? Aseme tulimudanganya mukubwa wa serikali mbele ya watu wake? Wakati ule kwa maneno kama hayo muntu aliweza kupotea.

Akaivuta kofia yake mupaka machoni.

"Avenue iko na uhai," Komisere akatoa hukumu. "Hakuna bohari. Sitwayeni, endelea na kazi yako nzuri."

Watu wa Komisere wakamupigia makofi. Na sisi tukapiga. Mikono ilipiga yenyewe.

Edouard akatutoa nje mumoja mumoja, akaomba funguo, akafunga. "Asanteni kwa kunifagilia," akasema.

Sasa munajua jibu la kitendawili cha kwanza. Nyumba iliyojaa, na wenye njaa tulitoka na njaa yetu.

Muji wote wa nyuma ya gare ulilala bila blanketi. Watu walipikia kwenye makopo. Papa Onésime alishona kwa mukono, sindano moja, macho yanamwagika maji.

Edouard akafungua duka na kuanza kuuza. Sisi hatukununua, tungenunua na nini? Lakini abiria walinunua. Walipita juu ya daraja letu, wakakaa kwenye mabenchi yetu, wakaingia kwa akereri. Siku moja Mama Léontine aliona sufuria yake inavuka daraja kichwani kwa muntu wa Kabalo. Aliifuata mupaka treni ikaondoka. Alirudi bila sauti, yeye Léontine, muntu ambaye hata usingizini anasema.

Na mvua ikaanza.

Nyumba yetu ilikuwa inapitisha maji chini ya ukuta. Nilipanga matofali, nikapanga mbao, nikamulaza Jean juu yake, mugongo ukakataa, akalia kama mutoto. Nikamurudisha kwenye mukeka. Kikohozi kikaja. Kwanza kikavu. Halafu si kikavu.

Njo nikaenda kwa Edouard, mikono nyuma.

"Patron, unihurumie. Bwana yangu ni mugonjwa. Kile kitanda ni chake."

"Mama, mulimuambia Komisere ni cha duka. Twende wote wawili tukamuambie kwamba mulimudanganya?"

"Hapana, patron."

"Basi nunua. Lakini upesi. Kuna fundi wa umeme kule Bendera amekitaka. Jumatatu anatuma camion, lori lake, kukibeba."

Nilipiga magoti. Alipita kando yangu kuhudumia muteja.

Nilirudi na kumuelezea Jean yote. Nilikuwa nalia, yeye alikuwa anatazama mabati.

"Jumatatu?" akasema.

"Jumatatu."

"Niitie Casimir."

Waliongea wao wawili, mulango umefungwa. Papa Casimir alipotoka alikuwa ameshika kofia mukononi. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Alikuwa na upara.

Jumapili baada ya misa, Jean akaniambia, "Nivalishe shati ya kazi. Nipelekwe dukani."

"Kufanya nini?"

"Kununua kitanda."

"Na nini, Jean?"

"Mama Julie, kitendawili."

"Siyo leo, muzee wangu."

"Kitendawili!"

"...Tega."

"Mugeni gani anaingia nyumbani kwa muntu, na mwenye nyumba hata akiwa mukali namna gani, hawezi kumuambia ondoka?"

Nikafikiri. Komisere? Mvua? Mukwe?

"Sijui."

"Utanijibu kesho," akasema.

Tukamubeba juu ya mulango uliong'olewa, wanaume wanne, mimi kando nikishika kichwa chake. Tulipita daraja la mataruma, kwa sababu alitaka kuona gare kwanza. Akatazama reli ile ndefu. Akasema, "Twende."

Edouard alishangaa, halafu akafurahi. Alifikiri tumepata kitu cha kulipa.

"Patron," Jean akasema, sauti yake nyembamba, "nataka kununua kitanda. Lakini sufuria inagongwa, mutumbwi unapimwa majini. Kitanda kinajaribiwa."

"Jaribu, papa. Haki yako."

Tukamulaza.

Wapendwa, sijui kuandika ile sura. Springi zilimupokea kama zinamujua. Alinyoosha vidole vyote. Alinishika mukono, akaniuliza kama Julie amekula. Nikasema amekula. Nilikuwa nadanganya, na alijua.

Akafunga macho.

Edouard akangoja. Akaangalia saa yake. Akakohoa. Halafu akasema, "Papa, sasa inatosha. Papa?"

Jean alikuwa amekwisha kwenda.

Mama Léontine aliyekuwa amepoteza sauti, aliipata. Ile kelele ilisikika mupaka bandarini. Wanawake wakaja mbio kutoka kila njia, wakajitupa chini mule mule dukani, kati ya sahani zao wenyewe.

"Mumutoe!" Edouard akapiga kelele. "Mumupeleke kwenu! Hapa ni duka!"

Papa Casimir akavua kofia mara ya pili.

"Sitwayeni, tutamuzika kesho. Lakini kilio hakitoki. Mahali roho ilipotokea, pale pale moto wa kilio unawashwa. Na unazimwa na wajomba wa marehemu tu. Hata kwenu munajua."

"Wajomba wako wapi?"

"Kabalo."

Papa Onésime alikuwa tayari na makaa. Moto ukawaka mbele ya mulango wa Mugiriki.

Tulimuzika Jean Jumatatu, mvua ikitunyeshea. Camion ya Bendera ilikuja, dereva akaona moto na wanawake waliofunga vitenge kichwani, akageuza bila kuzima mashini. Nani anabeba kitanda cha maiti ambaye kilio chake hakijaisha?

Na watu wakabaki pale dukani. Njo desturi. Watu wa reli walikuja, watu wa bandari, wavuvi, watu wa kanisa. Walikaa kwenye mabenchi, barazani, ndani, kila mahali. Na mwenye nyumba ya musiba, munajua vizuri, njo mwenye kupokea.

"Papa Edouard, pole na musiba," Mama Léontine akamuambia. "Wageni ni wengi. Tunachukua sufuria tupike."

"Hizo ni za kuuza!"

"Tutaziosha."

Mwingine, "Papa Edouard, pole. Usiku watu walipigwa na baridi. Mablanketi yako wapi?"

Mwingine, "Papa Edouard, chumvi imeisha."

Alikimbia kwa zone. Wakamutumia jandarme mumoja, askari wa serikali. Jandarme alifika, akatazama moto, akavua kofia, akakaa, akapewa bukari na sombe ya majani ya muhogo.

"Utawatoa au hutawatoa?" Edouard akamuuliza.

"Patron, kufukuza kilio? Miye niko na watoto."

Akaomba pilipili.

Kila asubuhi Edouard alivuka daraja letu kwenda gare.

"Treni ya Kabalo?"

"Bado, sitwayeni."

Kesho yake, "Treni ya Kabalo?"

"Iliharibika njiani, sitwayeni."

Na wakati ule treni ya Kabalo, wenye kuijua wanaijua. Ilikuja ikitaka.

Watu walipokuwa wengi, wakataka kula kupita chakula cha kilio. Mama Léontine akakaanga mikate. Papa Onésime akaanza kushona vitambaa vyeusi kwa mashini yake, mule mule dirishani. Abiria waliokwama waliona kundi, wakavuka, wakakaa, wakanunua. Mabenchi yakakosa nafasi. Mimi niliyekaa chini na kichwa kimefungwa, nilisikia kitu ambacho sikuwa nimesikia tangu Mugiriki aondoke.

Kelele ya avenue.

Na Jean wangu, mwenye kuipenda kelele ile kutupita wote, hakuisikia. Nililia upya.

Siku treni ilipolia, wajomba walishuka mulango huu, na Edouard na valizi yake akapanda mulango ule, amechoka kuwa mwenye musiba. Funguo alimutupia Papa Casimir kupitia dirisha. "Mutanilindia!" akasema.

Tunalinda mupaka leo.

Wajomba walizima moto. Halafu wakaanza kugomba, wajomba njo kazi yao.

"Kwa nini mulitutumia habari tungojee treni? Camion zilikuwa zinatoka Kabalo. Tungefika upesi!"

Papa Casimir akainamisha macho.

"Jean alikataza," akasema. "Aliniambia kwa mudomo wake: nikifia kule, moto uwashwe kule kule. Na wajomba waitwe kwa treni. Siyo kwa camion, Casimir. Kwa treni."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Alikuwa muntu wa reli. Aliijua treni yake.

Mugeni gani anaingia, na mwenye nyumba hawezi kumuambia ondoka?

Ni kilio, wapendwa. Jean alinipa jibu kabla ya kuondoka, mimi nikafikiria mvua na mukwe.

Kilio kilipokwisha, kila muntu akabeba chake akarudi nacho nyumbani. Sahani, saa isiyotembea, vitenge. Vilivyokwisha kuuzwa vilikwisha. Sufuria ya Léontine iko Kabalo mupaka leo.

Kitanda nilikataa kukirudisha nyumbani. Sikuweza kulala juu yake. Nikakiacha barazani, nikatoa godoro, nikatandaza ndakala juu ya springi. Upepo unapita chini, ndakala zinakauka kuliko za wote. Julie amesomeshwa na kitanda kile. Mukipita nyuma ya gare mutakiona. Muguu mumoja umefungwa waya.

Vijana wa sasa wanakuja na michoro yao, wanasema wataifanya avenue kuwa mupya, rangi hapa, taa pale. Vizuri, wapake. Sisi pia tulipaka. Lakini kabla ya kuleta sahani zenu, muulize kwanza mulango uko kwa jina la nani. Na mukikutana kwa mikutano yenu, mufikirie mahali pa kukalisha muntu aliyechoka, sababu njo hapo avenue yetu ilipoanzia kupumua. Na wenye wagonjwa nyumbani, kitanda musikiazimishe kwa muntu, hata kwa siku moja, hata mugonjwa mwenyewe akisema peleka.

Hasa akisema peleka.